Jicho Ulilolichora kwa Mdomo

Papa,

Mvua imepitia palepale kwenye tundu la paa, ikaingia kwenye sanduku lako. Kaye lako, daftari lile la fizikia, limelowa. Michoro mingi bado inasomeka, ila ukurasa wa jicho umebaki mweupe. Nililia kuliko siku tulipokuzika. Batoto bako wa hapa kambini Dzaleka wanakaribia mitihani, na siku hizi mi njo ninawafundisha, kwa kaye hilohilo.

Nikashuka mjini Lilongwe, mtaa wa Chilinde, nikalichore upya kwa Riziki, yule uliyemfundisha pamoja na mimi. Ana duka la kuchapa. Akanifungulia programu ya kuchora kwa kipanya. Ole wangu! Nikinyoosha mstari huu, ule unahama. Lenzi ikatoka kama ugali wa nsima uliomwagika.

Akafungua nyingine. Haina kalamu wala rangi, ni pa kuandika tu: unaiandikia la kufanya, mashine inachora yenyewe. Nilikasirika, Papa. Nani anachora kwa maneno?

We. We njo ulikuwa unachora kwa maneno! Chaki zilipoisha, ulisimama mbele yetu mikono mitupu ukasema: "Musikie muzuri. Mutie pointi O. Muzungushe duara, sentimita mbili virgili tano. Mutoke O, muende kuume." Hatukuona kitu, tulisikia tu, na tulipofunua makaye kila mtu alikuwa na jicho lilelile.

Basi nikafumba macho nikakusikiliza. Nikaandika ulivyosema, neno kwa neno. Duara likatoka refu kama yai! Riziki alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe nimeandika 2,5 kwa koma, ile virgili ya kwetu Uvira, na mashine ikasoma namba mbili: upana mbili, urefu tano. Nikaweka nukta.

Papa, jicho lilifunguka. Duara safi, lenzi mahali pake, mwanga ukiingia ukikutana nyuma kabisa. Nikabadili namba moja tu, na mistari yote ikajipanga yenyewe. Nilisema "Mungu wangu" mbele ya wateja, na sikuona haya. Maji yalikuwa yamekufuta, na bado jicho lako lilikuwa linanitazama.

Nimechagua programu hiyo ya maneno. Nitaandika kaye lote, ukurasa kwa ukurasa, kabla ya mvua nyingine. Na siku umeme ukikatika, nitasimama mbele ya batoto mikono mitupu, niseme: "Musikie muzuri. Mutie pointi O."

Pumzika, Papa.

Binti yako, Furaha