Chupa Zako za Mwisho, Bi Rukia

Bi Rukia, mwalimu wangu,

Ni mimi, Kadzo wako. Leo ni siku ya tisa tangu tukuzike.

Jumatatu nilirudi Makadara, kwenye kichumba chetu cha kutengenezea chanjo ya kuku. Zile chupa arubaini ulizotengeneza siku ile ya mwisho, uliyoondoka kazini mapema, zilikuwa zinangoja kupelekwa kwa wafugaji. Wenzangu walisema zipelekwe tu, kazi ya Bi Rukia haipimwi. Mimi nikapima, kwa mazoea. Nikadondosha tone kwenye sahani ya kuoteshea vijidudu, nikaiacha kwenye joto.

Asubuhi nilipoifunua niliifunika, nikaifunua tena. Vijidudu vimeota sahani nzima. Viko hai, na chanjo yetu ni ya vijidudu vilivyouawa. Kazi yako, Bi. Wewe.

Nikawaza mabaya. Nizichemshe zote kimyakimya, vife, jina lako libaki safi. Lakini maneno yako yakanijia: "Mwanangu, mdudu twamuua, hatumfuti sura. Kuku asipoijua sura yake, atajikinga na nani?" Chanjo iliyotokoswa ni maji. Mama wa watu angedunga kuku wake, atulie, kisha awafukie mmoja mmoja.

Mchana kutwa nilikushuku kuwa ulizembea. Alasiri ndipo nikafungua daftari lako, na ukurasa wa mwisho mwandiko umepinda:

"Nyuzi za joto hamsini na sita. Imekaa nusu saa, haikutimiza saa nzima. Kifua chanibana, naenda nyumbani. Kadzo, usiitoe kabla ya kuipima."

Uliniandikia. Nami nilikuwa kwako Ndia Kuu nikipokea wenye kuja kuhani msiba, na daftari liko mezani, halijafunguliwa na mtu. Kifua kinakubana, Bi, na wewe unafikiria kuku wa watu. Nimesoma mistari ile mpaka nimeihifadhi. Bado siamini.

Nilimwonyesha mkubwa wetu ukurasa ule, nikamweleza yote, hata lile la kutaka kuzichemsha. Tukaziteketeza chupa zote. Jumatano nikaanza upya: joto lile lile la taratibu, saa nzima nimesimama hapo hapo, kisha formalini kidogo, ile dawa ya kuulia vijidudu, kama ulivyonifunza. Leo sahani ni safi, haina hata doa.

Nisamehe kwa ule mchana mmoja. Mwenyezi Mungu akupe makao mema. Nakuahidi, Bi: haitatoka hapa chupa ambayo sijaipima, iwe imetengenezwa na nani. Hata ingekuwa ya mkono wako.

Mwanafunzi wako,
Kadzo