Gari Lililotaka Shikamoo

Mpendwa baba,

Gari lako limeondoka leo asubuhi. Nimeliuza mimi, binti yako uliyemfundisha kutambua spana namba kumi kwa kupapasa tu, na sina wa kumsingizia.

Unakumbuka siku ulipolileta? Mashamba ya ngano yalikuwa yanabinafsishwa, yule mtaalamu wao wa Kitaliano alikuwa amerudi kwao akaliacha gari lake, na vyuma vyote vilipigwa mnada. Wenzako walirudi Katesh na majembe ya trekta na matela. Wewe ukarudi na gari la Kitaliano la mbio, bovu, viti viwili, fupi mpaka kuku walichungulia ndani. Mama aliweka mikono kiunoni akauliza, "Hili litabeba nini?" Ukamjibu, "Litatubeba mimi na wewe mpaka Mbulu." Alisonya, lakini nilimwona akicheka alipoingia jikoni.

Majirani ndio waliolipa jina. Kwa kuwa hakuna aliyeingia bila kuinama, wakaliita Shikamoo. Hata mzee wa kanisa aliinama, na hilo likakukera. Ulisema gari haliamkiwi na wazee, na tena kwa barabara zetu lingeacha tumbo lake kwenye mawe ya njia ya Dirma. Ukaliinua kwa springi za pikapu. Viti vilivyooza ukavivisha ngozi ya Safari, dume letu la ng'ombe lililovunjika mguu tukalichinja, na bodi ukaipaka rangi ya kijani ya trekta iliyobaki kwenye kopo. Ilikuchukua miaka, Jumamosi kwa Jumamosi. Lilipowaka ulizunguka nalo sokoni mara moja tu. Safari ya Mbulu ukasema tungoje mvua ziishe. Ulikufa kabla hazijaisha.

Sasa mama anapoteza macho. Daktari amesema apelekwe Moshi upesi, na nyumbani hatukuwa na kingine cha kuuza. Dalali wa Babati alipeleka picha Arusha, akaandika chini yake: gari la kale la Kitaliano, limekarabatiwa.

Mnunuzi ni mtu mpole, alimwamkia mama shikamoo vizuri. Alilizunguka gari taratibu, akachungulia chini, akabonyeza viti. Kisha akaniambia, "Dada, gari ni zuri. Aliyelikarabati ndiye aliyeliharibu. Nitatoa kila alichoweka."

Nilisema sawa. Baba, nilisema sawa tu. Niliogopa angeghairi, kwa hiyo sikumwambia aliyelikarabati ni nani. Nimekukana mchana kweupe kama Petro, na hata jogoo hakuwika.

Fundi aliyekuja naye alizifungua springi zako palepale, viti akavitoa akaviweka uani. Gari likashuka, likawa fupi kama siku ile. Kabla halijapandishwa kwenye lori nilikumbuka kitambaa chako cha kufutia grisi, ulichokichomeka chini ya usukani. Nikainama kukichukua, goti likagusa udongo, na mdomo ukasema wenyewe, "Shikamoo." Fundi yule, ambaye namzidi umri, akadhani namwamkia yeye. Akaitikia, "Marahaba."

Nimeviingiza viti barazani. Mama amekalia cha abiria, anapapasa manyoya ya Safari. Cha dereva amenikataza nisikikalie, kwa hiyo nakuandikia nikiwa sakafuni. Ameniuliza kama huko Moshi kweli watamrudishia macho. Nimesema ndiyo, kwa sauti ileile niliyosemea sawa. Akasema, "Hayo macho nilikuwa nayataka ya kuonea barabara ya Mbulu."

Kitambaa chako ninacho mkononi, bado kinanuka grisi, na sijui nikifanyie nini.

Shikamoo, baba. Usipoitikia nitaelewa.

Binti yako,
aliyesema sawa