Ukuta wa Darasa la Tatu

Nyumbani, Mbulu
Jumapili, 9 Machi 2025

Kaka Patriki,

Shikamoo. Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye baridi, na wifi Justina umpe za kwake. Kelvin mwambie shangazi yake anamkumbuka ingawa hatujaonana. Nataka kujua mnaendeleaje huko Mpanda, na kama kile kifua chako kimepona, maana moshi wa kuchomelea si rafiki wa mtu mwenye kifua. Mimi mwili wangu ni mzima. Baba naye mwili wake ni mzima. Anakula, anatembea, analala. Mengine nitayaeleza.

Usishangae kuona barua wakati simu ipo. Kwenye simu maneno yanakukwama, nami nikingoja nasikia unavyohangaika, halafu unakata. Haya ya leo sitaki uyajibu haraka. Atakuletea Emanuel, yule mtoto wa katekista, anayekuja huko kutafuta kazi.

Huku vitunguu saumu viliingiwa na ugonjwa, tukavuna vichache sana. Yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Shangazi Marieta bado yuko Katesh kwa binti yake. Tangu yale matope yaliyoporomoka mlimani yaondoke na nyumba yake ya Jorodom hajawa mtu wa kukaa peke yake. Mvua ikianza kunyesha anatoka nje kuutazama mlima, hata kama chakula kiko mezani.

Habari kubwa unaijua nusu. Mwezi wa kwanza nilikutumia ujumbe kwamba nimepata ajira ya ualimu. Nilikuwa nimengoja tangu nitoke chuoni, nikijitolea hapa kwenye shule yetu, darasa la kwanza, na usaili wa Babati nilikwenda nimekwisha kukata tamaa. Jina langu likatoka. Nikapangiwa shule moja ya kata ya Gehandu, kule chini Hanang, kwa wafugaji. Jumuiya nzima ilikuja nyumbani kuimba. Nilimwambia baba, akanishika mkono kwa heshima, akasema hongera binti, na baba yako ni nani? Siku hiyo nilicheka, kaka. Watu wote tulicheka.

Wewe ulinijibu maneno mawili: "Usiwe mwalimu." Hakuna hongera, hakuna sababu. Niliudhika. Nilijiambia huyu ni mtu aliyekimbia nyumbani mimi nikiwa bado mgongoni kwa mama, akaja kumzika mama na begi likiwa begani, hata uji wa msiba hakunywa, leo ndiye wa kunipangia maisha? Sikukujibu. Naomba usinichukie kwa hilo.

Sasa nikueleze habari za baba. Kusahau kwake kulianza kidogo kidogo, funguo, majina, njia ya kwenda kisimani. Lakini shule aliyokuwa akifundisha hakuisahau. Kila asubuhi alikuwa anavaa koti lake la kijivu, anatia chaki mfukoni, anakwenda. Mwalimu Tadeo, ambaye sasa ndiye mwalimu mkuu, hakuwa na moyo wa kumfukuza. Alisema huyu mzee ndiye aliyenifundisha kusoma, nitamwambiaje toka? Basi walimpa kiti ofisini, wakampa chai, akawa anakaa na daftari lililofungwa mbele yake mpaka kengele ya mchana, kisha mimi namrudisha nyumbani. Watoto walimsalimu shikamoo mwalimu, na yeye alifurahi. Niliona hakuna ubaya.

Siku moja ya mwezi uliopita ukungu ulishuka mpaka uwanjani, hata mlingoti wa bendera ulikuwa hauonekani. Mwalimu wa darasa la tatu alikuwa ameitwa semina, na kwa kuwa walimu hatutoshi, watoto wake walibaki peke yao. Mimi nilikuwa darasa la kwanza, chumba cha pili yake. Unaukumbuka ule ukuta. Haufiki juu kwenye bati, kila kinachosemwa upande huu kinasikika upande ule. Nikasikia sauti ya baba.

Alikuwa anafundisha, kaka. Si kuropoka, anafundisha kabisa. Saba mara tatu, saba mara nne, na darasa linaitikia. Anauliza, anangoja, anatania kidogo, wanacheka, anaendelea. Ile sauti aliyokuwa nayo nilipokuwa mdogo ilikuwa imerudi yote, haina kutetemeka. Nilisimama na chaki mkononi nikaona machozi yananitoka. Nilisema moyoni, Mungu akinisaidia, kule Gehandu nitafundisha hivi. Ningeweza kwenda kumtoa. Nilimwacha kwa sababu nilikuwa najivunia.

Halafu nikasikia darasa zima linahesabu kwa sauti moja, moja, mbili, tatu, taratibu. Nikadhani bado ni somo. Mpaka niliposikia baba anasema, "Patriki, nyoosha mkono," ndipo nikakimbia.

Alikuwa amemlaza kifudifudi kwenye dawati mtoto anayeitwa Marko, mjukuu wa bibi Philomena wa ng'ambo ya mto. Alimshika mkono mmoja, na yeye kwa mkono wa pili alikuwa ameshika ule mti mrefu wa kuonyeshea ramani. Mtoto alikuwa halii tena, amefungua mdomo tu. Wenzake walikuwa wamesimama wanahesabu huku wanalia, kwa sababu mwalimu amewaambia wahesabu. Nilimkamata baba mkono. Akanitazama kwa upole, kama anavyomtazama mgeni wa ofisini, akasema, "Karibu, mwalimu. Usishangae. Huyu ni mwanangu wa kumzaa, ndiyo maana namwongezea. Mtoto wa mwalimu hakosi hesabu."

Mkono wa Marko ulikuwa umevunjika karibu na kiganja. Tadeo alimpeleka hospitali kwa pikipiki, akafungwa hogo la plasta. Mimi nilimrudisha baba nyumbani. Njiani aliniuliza kama watoto wa siku hizi wanakwenda kanisani.

Jioni bibi Philomena alikuja. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nikapiga magoti mlangoni kabla hajaketi. Aliniambia ninyanyuke. Alimtazama baba, ambaye alikuwa anachambua maharage na kuimba wimbo wa kanisani. Kisha akasema huyu mzee alimpiga baba yake Marko, akampiga na mjomba wake, na yeye mwenyewe Philomena alikuwa anawarudisha shuleni kesho yake, kwa sababu wanafunzi wa huyu Mwalimu Yonas walikuwa wanafaulu. Alisema, "Tulikuwa tunamletea kuku, mwanangu. Anawapiga, sisi tunamletea kuku." Halafu akaongeza kwamba hata wewe kaka yangu, wote walijua. Nikamuuliza walijua nini. Akasema kamuulize Tadeo, maana wewe na yeye mlikaa dawati moja.

Kesho yake nilimuuliza. Tadeo alifunga mlango wa ofisi na hakunitazama usoni alipokuwa anasema. Wewe unayajua kuliko yeye, kwa hiyo sitayaandika yote. Aliniambia mlikuwa darasa la tano na ulikosa hesabu moja tu, ya sehemu, wakati wengine walikosa nusu. Baba alisema mtoto wa mwalimu ni mfano kwa wengine, akaamuru darasa lihesabu. Tadeo alisema hata yeye alihesabu. Ulijikojolea. Baba akakutoa nje akakusimamisha kwenye mlingoti wa bendera, na kaptura ile ile, mpaka jua lilipozama, na watoto wa shule nzima walipita mbele yako kwenda nyumbani. Mama alisikia akaja mbio na kitenge akufunike, na baba akamwamuru arudi nacho. Akarudi nacho, kaka. Mama yetu akarudi nacho.

Tadeo alisema kabla ya siku ile ulikuwa ndiye msomaji wa darasa. Ndiye uliyesoma hotuba mgeni wa wilaya alipokuja. Kigugumizi kilianza kesho yake asubuhi, ulipoitwa jina ukashindwa kusema nipo.

Mimi niliambiwa ulizaliwa hivyo. Mama mwenyewe aliniambia. Na nilikuwa nakuigiza ukipiga simu, nikiwa mtoto, na baba alikuwa ananikataza, anasema usimcheke ndugu yako. Alisema hivyo kwa sauti nzuri kabisa.

Mimi hakunigusa hata siku moja. Labda alikuwa amezeeka, labda aliogopa kunipoteza na mimi, sijui. Alinibeba mabegani kwenda shule. Alinifundisha kusoma kwa gazeti lililobandikwa ukutani. Alinifuta pua. Kila nilichokitaka maishani nilikitaka kwa sababu nilitaka kuwa yeye. Nikikaa naye sasa, nikimlisha, namtafuta yule aliyekufanyia hivyo ili nimchukie, na simpati. Namtafuta na yule aliyenibeba, simpati pia. Kuna mzee tu anachambua maharage.

Tadeo anasema nisiwe mjinga, mimi si baba, na siku hizi fimbo ina utaratibu wake. Shangazi Marieta amenipigia kila siku. Ananiuliza nani katika ukoo huu atakula kama kila mtu ataacha kazi kwa ajili ya mambo ya zamani. Amesema angemchukua baba, lakini hana nyumba ya kumweka. Wote wana haki. Wanadhani naogopa kumwacha mzee, au naogopa nitapiga watoto. Nimewaacha wafikiri hivyo, kwa sababu sababu yenyewe sijaweza kumwambia mtu. Nakwambia wewe.

Nilikwambia nilisikia wanahesabu nikadhani ni somo. Kuna kitu nimekiruka hapo. Watoto wangu wa darasa la kwanza nao walisikia. Ndiyo kwanza wamejifunza namba, wanafurahi wakizisikia popote. Wakaanza kuitikia. Upande ule wanasema nne, upande huu nao wanasema nne, wanapiga makofi, wadogo wale, wengine hawana hata meno ya mbele. Na mimi niliwaachia. Niliwaongoza. Nilikuwa nagonga ubao kwa chaki, nne, tano, sita, natabasamu kwamba hawakosei. Mkono wa mtoto unavunjwa ng'ambo ya ukuta, na darasa langu linahesabu, na mimi nawapigia mdundo.

Si kwamba sikujua sauti ile, kaka. Hicho ndicho kinachonimaliza. Nilisoma shule hiyo hiyo. Darasa la baba lilihesabu hata wakati wangu, nami nilihesabu na wenzangu. Mwili wangu uliijua ile hesabu kabla akili yangu haijaijua, na mwili wangu haukuogopa. Ulifurahi. Ulijiona uko nyumbani. Bila lile jina lako ningefika nao mpaka mwisho.

Kwa hiyo sikwenda kuripoti. Siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa ya mwisho ya mwezi uliopita. Nilifungasha begi Alhamisi ili shangazi aache kupiga simu, na Ijumaa asubuhi nikaketi juu yake mlangoni mpaka nikasikia basi la Katesh linapita kule barabarani, nikaingia ndani kupika uji. Tadeo amesema nafasi atapewa mwingine, na mimi sitaitwa tena. Shuleni kwetu nako nimeacha kwenda. Darasa la kwanza halina mwalimu sasa. Nimeambiwa wanakaa tu, na mwalimu wa la pili anawachungulia. Kule Gehandu nako kuna watoto waliokuwa wananingoja bila kunijua, na mvua zikianza njia itakatika na mwingine hatafika upesi. Usidhani nimefanya jambo jema. Nimekesha mara nyingi nikijiuliza kama nimewaepusha na mimi au nimewatupa, na sipati jibu, wala sitegemei kulipata.

Baba namfungia ndani asubuhi. Kengele ya shule ikilia anakuja mlangoni na koti lake, anagonga kwa adabu, ananiomba nimfungulie kwa sababu watoto wanamngoja. Nakaa upande wa nje simjibu, mpaka anachoka.

Marko atafunguliwa hogo baada ya Pasaka. Bibi yake alitaka arudi darasani mapema, mtoto amekataa, na safari hii bibi hakumlazimisha.

Sikuombi uje. Sikuombi umsamehe, huyo wa kusamehewa hayupo tena, na mimi siwezi kupokea msamaha kwa niaba yake. Nilitaka tu mtu mmoja wa nyumba hii akuandikie kwamba ilitokea. Hukuzaliwa hivyo. Ulikuwa msomaji wa darasa, ulisoma hotuba mbele ya watu, na hukukosea hata neno.

Msalimie sana wifi Justina, na Kelvin umbusu kwa ajili yangu. Shangazi Marieta anakusalimu. Mwalimu Tadeo anakusalimu, amesema kwa woga, hajui kama utazipokea. Bibi Philomena wa ng'ambo ya mto naye alipita leo baada ya misa kusema nisisahau za kwake. Baba hajakutumia salamu, na mimi sitamtungia.

Ni mimi mdogo wako,
Fausta