Ngoma Iliyotaka Kuhama

Mtaa wa Hai Malakal, Juba

Mjukuu wangu Keji,

Nimefurahi kusikia kwamba unapiga ngoma katika bendi ya roki huko Nairobi. Huku tupo sote. Mjomba wako amepata mtoto wa kike. Mimi miguu imenikataa, lakini kalamu bado inanikubali.

Umeuliza ununue kifaa gani kwanza. Acha nikuambie siri ya ujana wangu, nilipokuwa mpiga ngoma huko huko Nairobi. Watu walisifu mguu wangu, jinsi ulivyokanyaga pedali ya ngoma kubwa. Lakini sakafu ya ukumbi ilikuwa ikiteleza, na kila nikikanyaga kwa nguvu ngoma ilisogea mbele. Nikaanza kukanyaga kwa woga, wenzangu wakinung'unika.

Msichana aliyeuza chai mlangoni akacheka. "We kaka, ngoma yako inakuhama." Akaweka birika chini, akaketi mbele ya ngoma na kuiegemea kwa mgongo. "Piga sasa. Haiendi popote."

Siku hiyo nilipiga kweli. Akawa anarudi kila Jumamosi, na ndiye nyanya yako.

Kwa hiyo nunua zulia zito, ngoma ikae juu yake. Mimi nilipewa zaidi ya zulia, nami nashukuru.

Siku hizi daktari hanifichi kitu. Nyanya yako huketi sakafuni, mgongo kwenye kitanda changu. Jana nilimwambia, "Sasa ni mimi ninayehama."

Akajibu, "Lala, mzee. Huendi popote."

Babu yako