Ng'ombe Waliorudi Nkoma

Baba yangu,

Mwangaluka, baba. Mwangaluka, mayu, mama yangu. Natumaini mguu wa mama umepata nafuu na mvua zimenyesha huko Sapiwi, pamba isije ikakauka. Mimi huku Kanada mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Roho ndiyo haina raha. Simu zako naziona, zinaita mpaka zinakatika. Naona haya kupokea, ndiyo maana nimeandika, mdogo wangu Masanja akusomee.

Siku ile uliponiuliza mahari ya mdogo wangu Minza tuipokee lini, nilitafuta kwenye simu umbali wa kutoka uwanja wa ndege wa hapa Vancouver hadi wa Mwanza. Ikaniambia kilomita elfu kumi na nne na kitu, masaa kumi na saba angani. Nikajiona mjanja. Nikakwambia nikitoka kazini Alhamisi jioni, Jumamosi asubuhi nipo zizini, pangeni tu. Ukacheka, ukasema kumbe Kanada yenyewe ni karibu hivyo.

Nilipokwenda kukata tiketi ndipo nikajua. Yale masaa ni ya ndege ya kunyoosha moja kwa moja, na ndege hiyo haipo. Zipo za kuunganisha, tatu, na kulala njiani, ningefika Jumapili. Hapo ningekupigia nikuombe usogeze siku, basi. Lakini ulikuwa umeshawatangazia watu, nami nikaogopa kuonekana mjinga. Nikasema nitakupigia kesho. Nikawa nasema hivyo kila siku mpaka Jumamosi ikafika.

Minza amenisimulia yote huku analia. Kwamba ulikodi gari Bariadi, likanisubiri Mwanza usiku kucha. Kwamba wakwe waliswaga ng'ombe kutoka Nkoma tangu jana yake, na kwa kuwa kwetu ng'ombe wa mahari hawaingii zizini mpaka kaka mkubwa wa binti awapitie mmoja mmoja kuwakagua, walisimama juani hadi alasiri. Watu wakaanza kunong'ona. Baba mdogo akakusihi Masanja awapitie badala yangu, ukakataa. Ukawaambia, "Maduhu hajawahi kunidanganya. Yuko angani."

Baba, nilikuwa jikoni kwangu, nakunywa chai.

Wakwe wakaondoka na ng'ombe wao, na sasa Minza anaogopa hawatarudi tena. Nakuomba msinisubiri. Nenda Nkoma na Masanja, yeye ndiye awe kaka mkubwa kwa jambo hili, nimeridhia kabisa.

Nisalimie mama, na shangazi wa dukani Bariadi, na baba mdogo, asinichoke. Minza mwambie sijathubutu kumwomba msamaha kwa simu. Na wakwe wakikuuliza Maduhu alikuwa wapi siku ile, usinitetee. Waambie alikuwa kwake, amekaa, na alikuwa anajua mnamngoja.

Ni mimi mwanao,
Maduhu