Udongo Ulio Juu ya Baba

Mama yangu,

Mimi ni mzima wa mwili. Miguu yako je, imeacha kuvimba? Na Shangazi, bado anakukataza kushika jembe hapo kwake Lanet? Mwache akuandalie chai.

Uliponiuliza lile swali kwenye simu, nilichukua kalamu. Ulisema ziwa limevuka ua wetu pale Kihoto, limebakisha hatua chache kufika kwenye kaburi la Baba, na kaka Njoroge ametafuta watu wa kumfukua Jumamosi. Kisha ukasema, "Wewe umesomea mambo ya maji. Jeneza litaelea?" Nikamsikia kaka nyuma yako: "Muulize vizuri, Mathe. Asituletee maneno ya vitabu. Maji yakimtoa Baba, si ni mimi nitamfuata na mtumbwi?"

Nimepiga hesabu siku tatu. Kitu kikiwa majini husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kinayoyasukuma kando. Kwa vipimo alivyonitumia Njoroge, jeneza lingesukuma kando maji ya kilo mia nne na themanini. Toa mbao, kama kilo hamsini. Toa Baba. Uzito wake sikuuliza mtu. Kabla sijasafiri, mimi ndiye niliyemnyanyua kutoka kitandani hadi kwenye kiti, naye akinitania, "Polepole, dereva, hujabeba viazi." Niliandika hamsini, nikaweka kalamu chini, nikatoka kutembea.

Sitakuficha: jeneza peke yake lingepanda. Inabaki nguvu ya kilo mia tatu na themanini. Lakini haliko peke yake. Udongo wetu ni mwepesi, na ndani ya maji unazidi kuwa mwepesi. Hata hivyo ule ulio juu yake unalikandamiza kwa zaidi ya kilo mia nane. Hatapanda, Mama. Mwambie Njoroge asichimbe. Shimo likiwa wazi na maji yakaingia, hapo ndipo Baba ataelea. Apeleke mawe tu, ayapange juu.

Nisalimie Shangazi, na mke wa Njoroge, aliyenishikia simu ya video siku ya mazishi nikatazama, kutoka huku mbali, kila mmoja wenu akitupa konzi yake ya udongo. Hesabu inasema udongo huo unatosha, hata bila wangu. Lakini kati ya mawe hayo, naomba moja uliweke wewe, kwa mkono wako, useme ni langu.

Binti yako,
Wambui