Ufa wa Chini ya Kitanda cha Baba

Nyumbani, nyuma ya mashimo ya maji
Jumanne, tarehe 14 Mei

Mpendwa kaka,

Shikamoo. Wifi hajambo? Na yule mtoto wenu mdogo, kikohozi kimemwachia? Ningependa kukwambia na sisi hatujambo, lakini uongo huo leo sina.

Kazi ipo. Bado nakodisha maboya pale shimo kubwa, tulipojifunzia kuogelea mimi na wewe, ukanibandika jina la Chura. Wageni wanashuka ngazi kwa mikogo, wakigusa maji tu wanapiga mayowe. Baridi ni ile ile, na maji ni maangavu, unaona mpaka kucha za miguu yako.

Sasa sikia. Mwezi uliopita sakafu ya chumba cha wazee ilipasuka. Nilidhani ni saruji mbovu. Wiki iliyofuata ufa ukameza kandambili ya mama, tukasikia chubwi! Kaka, chini yetu kuna maji. Mawe ya chokaa yameliwa, limebaki ganda tu.

Mama alilia. Baba alicheka! Akatoa barua yako ya miaka minane iliyopita, ulipopata kazi ya kupima miamba. Uliandika kwamba siku sakafu yetu ikifunguka, na sisi tutakuwa na shimo letu la kuogelea, wageni waje. Tulicheka sote siku ile, kumbe mwenzetu aliitunza. Sasa anasema mtaalamu ameshaandika, mimi mkodisha maboya najua nini? Kitanda amekisogeza juu ya ufa, eti asije mtu akamwibia shimo lake.

Fundi mwashi alikuja, akagonga sakafu kwa nyundo mara tatu, akakusanya vifaa vyake akaondoka bila kuaga. Nimembembeleza baba, nimemtishia, nimempigia magoti. Wapi! Simu yako nayo haipatikani, na hata ungepokea, anasema sauti mtu yeyote anaweza kuiiga, ila mwandiko wa mwanawe anaujua.

Jana niliwahamishia watoto wangu kwa jirani. Mama akanifungia nguo zao, akanipa na picha za harusi yake. Nikamwambia twende wote. Akanijibu, "Nenda, mwanangu. Huyu mwendawazimu nimelala naye miaka arobaini, nimwache leo?" Akaingia, akafunga mlango. Niliogopa hata kuugonga kwa nguvu.

Naogopa, kaka. Nimeishiwa mbinu. Kazini, kila mgeni akijitupa majini roho inaniruka, nadhani ni nyumba yetu.

Msalimie sana wifi, uwabusu wanangu wa huko kwenu, na shangazi aliye huko mwambie atuombee. Mungu akulinde, na barua hii aifikishe upesi.

Usinitumie ushauri, wala usimweleze baba habari za miamba. Chukua kalamu sasa hivi, umwandikie kwa mkono wako: Baba, nilikuwa natania.

Dada yako akupendaye,
Chura